Mhariri, tuandikieni na maisha ya washairi

Ndugu Mhariri,

Nashukuru kwamba gazeti lako bado linatenga ukurasa wa mashairi. Nina ombi moja juu ya ukurasa huo: chini ya shairi, au pembeni yake, tuelezwe habari za aliyelitunga. Alizaliwa wapi, alisoma kwa nani, alijipatia riziki kwa kazi gani, alitunga akiwa katika hali gani. Sasa hivi tunaachiwa lakabu na sanduku la posta, na malenga akifariki tunabaki hatujui hata jina aliloitwa na mama yake.

Sisi wa kusini tuna haki ya kulidai jambo hili. Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 huko Nandete, kwenye milima ya Umatumbi wilayani Kilwa, na kila aliyepita darasani anamtaja Kinjikitile Ngwale. Muulize sasa ni nani aliyevitungia vita hivyo utenzi. Ni Abdul Karim bin Jamaliddini, mtu wa Lindi, aliyeishi zama hizo hizo. Utenzi wake ulichapwa mwaka 1957, pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley. Nimefundisha Kiswahili katika shule za Lindi na Mtwara hadi nikastaafu, na karibu kila mwanafunzi niliyemtajia jina hilo alikuwa analisikia kwangu kwa mara ya kwanza. Walimu wenzangu wengi pia. Mgeni akifika Mikindani huonyeshwa nyumba yenye kibao cha David Livingstone, mwaka 1866. Sina ugomvi na kibao hicho. Ila mtu wa hapa hapa aliyesimulia vita vyetu kwa lugha yetu, ubeti kwa ubeti, anastahili walau safu moja ya gazeti.

Wako watakaosema shairi lisimame lenyewe, maisha ya mtunzi tuyaache. Shuleni ndivyo tulivyozoea: vina, mizani, dhamira, basi. Mimi sikubali. Lichukue "Siwati", yaani "siachi", la Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Asiyemjua mtunzi ataliona ni tambo la mtu mbishi. Lakini huyu alifungwa mwaka 1969, kijana wa miaka ishirini na kitu, kwa sababu ya waraka wake "Kenya: Twendapi?" Alikaa gerezani miaka mitatu, akitunga kwa siri na kuandika kwenye karatasi za chooni. Mashairi hayo ndiyo yaliyotoka mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki. Msomaji akishayajua hayo, kila "siwati" inakuwa na uzito mwingine, kwa kuwa aliyeitamka alijua gharama yake na alikuwa anailipa.

Au Mwana Kupona binti Msham wa Pate. Utendi wake wa mwaka 1858 wengi huutaja kama orodha ya amri za kumtii mume. Wakati anautunga alikuwa mjane, mgonjwa, akimwusia binti yake, na baada ya muda mfupi akafariki. Mimi mwenyewe sikubaliani naye katika mengi, lakini nikijua hali yake najua kwamba nabishana na mama mwenye hofu juu ya mwanawe.

Hata vitoto vyetu vya darasa la saba vinaghani ngonjera kila mahafali, na wazazi tunapiga makofi, bila kutajiwa Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma (1917–1969), aliyefanya kazi kubwa ya kuzieneza ngonjera wakati wa Azimio la Arusha. Kumtaja kunahitaji sentensi mbili tu za mshereheshaji.

Tena, Mhariri, walio hai wasisubiri tanzia. Tuna malenga Kilwa Kivinje, Newala, Masasi. Tuna wanaotunga kwa Kimakonde, kwa Kimwera, kwa Kiyao, na wengi ni wanawake ambao nyimbo zao huimbwa kwenye ngoma na hakuna anayeuliza nani kazitunga. Nyimbo za unyago zina miiko yake, na miiko hiyo iheshimiwe. Kwa zilizobaki, mwandishi aende akakae nao, awaulize, na asilete sifa tupu. Tunataka kujua kama ni mkulima wa korosho au mvuvi, alianza kutunga kwa sababu gani, shairi gani lilimletea matatizo.

Mwisho, naomba utoe tangazo katika ukurasa huo: ukoo wowote wa Lindi wenye nasaba na Abdul Karim bin Jamaliddini, au nyumba yoyote ya pwani yenye tenzi za kale zilizoandikwa kwa mkono, wajitokeze. Karatasi zao zibaki mikononi mwao; zipigwe picha tu, kabla mchwa hawajazimaliza. Zilizo kwa hati ya Kiarabu nitasaidia kuzisoma, na nipo tayari kuongozana na mwandishi wako kwa nauli yangu.

Mwalimu mstaafu,
Lindi Mjini