Kwa Mnaosoma Mbele ya Mfalme

Wanangu makatibu, makarani na washauri wa wakubwa,

Nawaandikia kuhusu Yeremia 36. Wahubiri wetu wakiifikia sura hiyo humlaani Yehoyakimu, mfalme wa Yuda aliyelichoma gombo la maneno ya nabii Yeremia, kisha hufunga Biblia. Simtetei. Alikalishwa kitini na Farao Neko, akajijengea jumba la mierezi lililopakwa rangi nyekundu, na waliomjengea hakuwalipa ujira. Lakini mimi huwatazama zaidi wale waliokuwa chumbani pamoja naye.

Ilikuwa mwezi wa 9, mwaka wa 5 wa utawala wake, yaani mwishoni mwa 604 KK. Baridi, na moto unawaka mbele ya mfalme. Mwaka uliotangulia Wababeli walikuwa wamewapiga Wamisri huko Karkemishi, na majira hayo ya baridi ya 604 jeshi la mfalme wao Nebukadreza liliuangamiza mji wa Ashkeloni, si mbali na Yerusalemu. Onyo la Yeremia, kwamba Babeli itakuja kuiharibu nchi, halikuwa ndoto tena. Yeye alikuwa amezuiwa kuingia hekaluni, kwa hiyo Baruku, mwandishi wake, ndiye aliyelisoma gombo mbele ya watu, na wakuu walipolisikia wakatetemeka. Wakamwambia akajifiche, yeye na Yeremia. Hapo walitenda vema.

Kisha Yehudi, mtumishi wa jumba la mfalme, akamsomea mfalme. Kila aliposoma safu tatu au nne, mfalme alizikata kwa kisu cha mwandishi na kuzitupa motoni, mpaka gombo lote likateketea. Wanangu, kisu kile ni cha kuchongea kalamu! Na Yehudi hatusikii kwamba alinyamaza. Hapo ndipo moyo wangu hukwama kila nisomapo. Kata, soma, kata, soma. Waliozunguka moto hawakuogopa wala hawakurarua mavazi yao, ilhali miaka kama 18 nyuma, mwandishi Shafani alipomsomea mfalme Yosia kitabu cha torati, Yosia, baba yake Yehoyakimu, aliyararua yake.

Watatu tu walimsihi mfalme asilichome: Delaya, Gemaria mwana wa Shafani, na Elnathani mwana wa Akbori. Huyu Elnathani msimpite haraka. Baba yake alikuwa miongoni mwa waliotumwa na Yosia kwa Hulda nabii, kuuliza maana ya kile kitabu. Yeye mwenyewe aliongoza watu hadi Misri kumkamata nabii Uria, akamleta, na Yehoyakimu akamuua kwa upanga. Alikuwa na kila sababu ya kuinamisha kichwa siku ile na kujiambia, mimi wa kusema ni nani? Alisema. Mfalme hakumsikiliza, akaagiza Baruku na Yeremia wakamatwe, lakini neno la Elnathani limo katika Maandiko hadi leo.

Wengi wenu mmeshafanya jambo linalowafunga mdomo: sahihi mliyotia, barua mliyoipeleka mkijua imebeba nini. Msikubali jambo hilo liwanyamazishe mara ya pili.

Nami nazungumza kama mmoja wenu. Nilikuwa karani katika ofisi moja, miaka mingi iliyopita. Ililetwa taarifa ya kisima ambacho maji yake hayakufaa kunywewa, na mkubwa wangu akaniagiza nitoe kurasa mbili kabla haijapelekwa mbele. Nilizitoa. Niliinama, nikabana upya zilizobaki, nikagonga muhuri. Hakunitisha, wala sikumwuliza kitu.

Yeremia alichukua gombo jingine, akampa Baruku, na Baruku akaandika upya kwa wino maneno yote yaliyochomwa, na mengine mengi yakaongezwa. Mwaka 597 KK Wababeli wakaingia Yerusalemu. Mwaka 586 wakalichoma hekalu.

Kurasa zangu mbili sikuziandika upya. Kijijini kule walikunywa maji yale hadi kisima kilipokauka chenyewe.

Ni mimi mzee wenu, karani mstaafu.