Odhis, hiyo redio usiilipe kwanza

Odhis ndugu yangu,

Niaje? Natumai mathe magoti yamepoa na Akinyi amemaliza mitihani. Huku Nakuru tuko salama, vumbi tu na upepo, na Kibe anakusalimia sana, bado anauliza ile jeki yake. Salamu zingine nitakupa vizuri siku nyingine, acha niingie moja kwa moja kwa mambo ya hiyo redio ya kurushia ndege ndogo unayotaka kununua, maana picha zako nimeziangalia jana usiku mpaka simu ikazima na roho haijatulia. Kama bado hujamtumia huyo jamaa anayekuuzia M-Pesa, tafadhali ngoja. Kama umeshatuma kitu kidogo cha kushikia, sawa, lakini usimalizie kabla hujanijibu.

Fungua ile picha ya pili, redio ikiwa juu ya meza. Ona stiki ya kushoto, imesimama katikati. Sasa ona ya kulia, imelala chini kabisa. Stiki inayobaki pale umeiacha ni ile ya nguvu ya mota, throto, haina springi ya kuirudisha katikati. Ikiwa iko kulia basi hiyo ni redio ya modi 1, yaani mpangilio wa stiki, na nadhani ndiyo maana bei imeshuka hivyo. Modi 1 throto na eleroni (zile za mbawa, za kulaza ndege) ziko kulia, eleveta (ile ya mkia, ya kupandisha na kushusha pua) na usukani wa mkia ziko kushoto. Modi 2 ni throto na usukani wa mkia kushoto, halafu eleveta na eleroni kulia. Sisi wote huku tunarusha modi 2, mimi, Kibe, Daktari, hata wale vijana wa Njoro. Modi 1 haina ubaya wowote, kuna watu wameirusha maisha yao yote na wanatushinda mbali. Lakini wewe unaanza, na mtu anayeanza anahitaji mtu wa kumpokonya redio ndege ikianza kuanguka. Sasa unipe redio ya modi 1 ndege ikiwa juu ya miti na inapiga mbizi, vidole vyangu vitavuta kile vimezoea na tutaokota vipande.

Najua utaniambia inaweza kubadilishwa, na ni kweli kwa nyingi. Kama hiyo ni FlySky FS-i6 kwa mfano, ndani ya menyu kuna mahali pa kuchagua modi, halafu unafungua mgongo unahamisha springi na kile kibati cha throto upande ule mwingine. Fundi wa simu mwenye mkono mtulivu anaimaliza kazi hiyo akiwa anapiga stori. Shida ni kwamba kwa picha zote nne hakuna hata moja inaonyesha jina la redio. Kwa nini mtu anauza kitu na hapigi picha jina? Mwambie apige picha ya mbele, ya mgongo, ya ndani pale betri zinakaa, na skrini ikiwa imewashwa. Akikataa, basi hiyo ndiyo jibu.

Halafu kuna ile ingine ulisema kwa simu, ati uachane na redio kwanza ununue ile ndege ya boksi inakuja na rimoti yake, ujifunze nayo, redio ya maana baadaye. Odhis hapana. Hapo ndipo pesa za watu wengi huenda. Ndege ya kujifunzia itaanguka, hiyo hata tusibishane, ya foamu utaibandika na gluu mpaka ikatae, utatengeneza ingine, utanunua ingine. Redio ndiyo inabaki. Redio moja nzuri inakumbuka ndege nyingi, FS-i6 yenyewe ambayo ni ya bei ya chini inahifadhi modeli 20, kila moja na trimu zake, yale marekebisho madogo ya kunyoosha ndege. Lakini rimoti ya boksi imezaliwa na ile ndege na mara nyingi itakufa na ile ndege, huwezi kuibaindi, yaani kuiunganisha, na risiva ingine, kile kipokezi cha ndani ya ndege, na nyingi ziko na chaneli mbili au tatu tu, yaani vitu viwili au vitatu vya kuendesha. Wewe unataka nne za kuanzia, eleroni, eleveta, throto na usukani wa mkia, na sita ndiyo raha maana siku moja utataka flapu ama magurudumu ya kukunja.

Na yule mzee wa Milimani ameniuliza tena kama unataka ile redio yake ya zamani ya bure, ile ina antena ndefu ya kuvuta. Mshukuru sana, hata mpelekee samaki, lakini usiitumie kurusha. Hiyo ni ya megahezi 35, ndiyo walikuwa wanatumia Uingereza, na Marekani walikuwa na 72. Ilikuwa inatumia kristali, kila kristali na chaneli yake ya mawimbi, watu wawili wakiwasha kristali moja mahali pamoja ndege ya mmoja inaanguka. Ndiyo maana vilabu vilikuwa na ubao wa vibanio, huwashi redio kama kibanio cha chaneli yako hakiko mkononi mwako. Tangu 2005 hivi Spektrum walipotoa DX6 watu wakaanza kuhamia gigahezi 2.4, redio zinatafutana zenyewe, hakuna kupanga foleni ya chaneli.

Ila hapo kwa 2.4 ndipo watu wanachanganyikiwa na nataka ulielewe hili kabisa kabla ya kutoa shilingi. 2.4 si moja. FlySky wana lugha yao, AFHDS 2A. Spektrum wana DSMX, Futaba wana FASST, na siku hizi kuna ELRS ambayo ni ya wazi, programu yake iko kwa intaneti mtu yeyote anaisoma. Risiva ya FlySky haitasikia redio ya Spektrum hata uzilaze pamoja usiku kucha. Kwa hivyo ukinunua redio umechagua pia risiva utakazonunua miaka inayokuja, na umechagua ni nani mtakopeshana vitu uwanjani. Sisi karibu wote tuko FlySky, Daktari na vijana wawili wamehamia ELRS.

Sasa nikikushauri kama ndugu, kuna njia mbili tu. Kama mfuko umebana, tafuta FS-i6 ya modi 2 na risiva ya iA6B, ile yenye antena mbili. Inakula betri nne za kawaida zile za AA, hata dukani kwa Mama Otis zipo, menyu yake ni rahisi, na ukikwama yeyote kati yetu atakuelekeza kwa simu akiwa amefunga macho. Ubaya wake ni stiki, zinatumia poteshomita, vitu vinavyosuguana ndani, na vumbi letu la Januari likiingia ndani unaanza kuona servo, zile mota ndogo zinazosogeza eleroni na eleveta, zinatetemeka peke yake. Kama unaweza kungoja mpaka mwisho wa mwaka uongeze kidogo, chukua RadioMaster, ile Pocket ama Boxer, ya ELRS. Stiki zake ni za sumaku, hakuna kitu kinasuguana, na inatumia programu ya EdgeTX ambayo inakuwacha upange kila swichi unavyotaka. Kuijifunza ni kazi, sitakudanganya, utakaa usiku na video. Lakini hiyo Pocket unaichomeka kwa laptopu na waya wa USB inakuwa stiki ya simuleta, ule mchezo wa kompyuta wa kujifunzia kurusha, papo hapo, na simuleta ya bure kama PicaSim haihitaji laptopu ya nguvu. Ukirusha hapo kila jioni ukirudi kazini, utakuja uwanjani vidole vimeshajua. Mimi ningengoja. Hiyo ndiyo maoni yangu na Kibe anasema nakuchelewesha bure, basi mskize na yeye, lakini mimi ningengoja.

Ukienda ELRS kuna vitu viwili vya kushika. Toleo la programu kwa redio na kwa risiva lazima viwe vya familia moja, 3 na 3, ukiweka 2 na 3 hazisemezani. Halafu chaneli ya 5 kwa ELRS kawaida ni ya kuwasha na kuzima tu, usiwekee flapu hapo ukashangaa kwa nini hazitulii katikati, weka swichi ya kukata mota.

Nataka nikuambie pia ya felisefu, ile amri ndege inafuata ikipoteza redio, na hii hata ukisahau hayo mengine yote shika hii. Unakumbuka ile ndege ya manjano, ile kubwa? Tulikuwa kwa shamba la ngano Njoro, wameshavuna, mahali pazuri kabisa, na betri za redio zikaisha ndege ikiwa mbali. Risiva haikuwa imeambiwa ifanye nini ikipoteza redio, ikashikilia amri ya mwisho, na amri ya mwisho ilikuwa throto nusu. Ikaenda. Tukaisikia inaenda, mota inalia vizuri tu, mbawa zimenyooka, na hakuna mtu anaweza kufanya kitu. Ilivuka barabara, Odhis, barabara yenye watoto wametoka shule. Ikaangukia shamba la mahindi huko mbele na tukamshukuru Mungu. Kwa hivyo redio yoyote utanunua, siku ya kwanza kabisa unaweka felisefu ya throto iwe sufuri. Kwa FS-i6 unaingia mahali pa risiva kwa menyu, unachagua chaneli ya 3, ya throto, unashikilia stiki chini kabisa, halafu unabonyeza Cancel na kuishikilia ndipo inahifadhi, ukiibonyeza haraka haraka inapotea. Kisha unatoa propela, narudia, unatoa propela, unawasha kila kitu, unapandisha mota kidogo, unazima redio. Mota isiposimama hurushi.

Na kabla ya kila safari simama nyuma ya ndege. Sukuma stiki kulia, eleroni ya kulia ipande na ya kushoto ishuke. Vuta stiki kwako, eleveta ipande. Usiangalie tu kama zinasonga, angalia zinasonga upande gani, maana servo iliyogeuzwa inasonga vizuri tu na itakuangusha. Antena mbili za risiva zikae kama herufi L, moja imelala moja imesimama, mbali na betri na mbali na kitu chochote cha kaboni. Ya redio usiielekezee ndege ncha yake, mawimbi yanatoka ubavuni.

Mahali pa kurushia kwako Kisumu nimewaza pia. Uwanja wa ndege uko karibu sana na mji, upande wote ule wa barabara ya Busia usahau. Nenda Kano, huko Ahero, na uende asubuhi, ukingoja mchana upepo wa ziwa umeshaanza na ndege ya foamu haitaki hiyo. KCAA, wale wa mamlaka ya usafiri wa anga, wana kanuni zao za 2020 za vyombo visivyo na rubani, waulize kabla, ni afadhali kuuliza. Lakini hewa yenu ni nzito na nzuri kuliko yetu, nyinyi mko mita 1,100 na kitu na sisi tuko 1,850 hivi, ndege ileile itapaa vizuri zaidi kwenu, hiyo nakuonea wivu kabisa.

Nikirudi kwa huyo jamaa. Hata kama redio itatoka kuwa FS-i6, bado kuna kupima. Mwambie aiwashe mbele yako, sogeza kila stiki polepole uone zile baa kwa skrini zinafuata bila kuruka. Vuta swichi zote. Kisha mwambie aweke redio kwa nguvu ya kupima masafa kama inayo hiyo, ama mtembee tu mbali na risiva mpaka mwisho wa uga mkiangalia servo. Na uangalie pale mgongoni kama tundu la waya wa kufundishia liko zima, maana mimi nataka tuunganishe redio mbili, wewe urushe nikiwa nimeshika swichi, nikiiachilia ndege inarudi kwangu. Hiyo ndiyo njia ya kujifunza bila kulia. Kwa waya hata modi zikitofautiana inafanya kazi, lakini siku tuko bila waya narudi palepale, modi 2.

Sasa nijibu haya. Umetuma pesa ama hujatuma? Kama umetuma, ni ngapi, na anaweza kurudisha? Redio inaitwaje? Ina risiva pamoja ama ni redio peke yake, na kama iko, ni ipi? Unaweza kungoja mpaka Desemba ama hamu imeshakushinda? Laptopu ya Akinyi bado inafanya kazi? Na yule shemeji yako wa Dubai, bado anakuja mwezi ujao? Naomba sana unisaidie hapo, nataka anibebee risiva mbili za ER6 na betri nne za 18650, zile za lithiamu, nitakutumia pesa zote na ya soda juu. Ila mwambie hizo betri asiziweke kwa begi la kupakiwa, akae nazo kwa begi la mkononi na azibandike teipu kwa ncha, wakizipata kule kwa mizigo watazitoa. Atakubali? Anakuja tarehe ngapi? Na anapitia Nairobi ama anakuja Kisumu moja kwa moja?

Nipigie leo usiku baada ya saa mbili, nitakuwa nimefunga duka.

Wako,
Maish