Barua kwa wachoraji vijana wa Amu (Lamu): injini ya dau mmeificha wapi?

Wanangu wa Mkomani, Langoni na Shela,

Asalaam aleikum.

Nimezitazama picha mlizotundika pale ufukoni mwezi huu. Mikono yenu ina ustadi, na hilo nalisema nikiwa fundi wa nakshi niliyezeekea kwenye patasi. Lakini madau yote mliyochora hayana injini. Vichochoro havina nyaya za umeme, punda hawabebi madumu ya njano, wala hakuna mtu aliyeshika simu. Na chini ya picha moja pameandikwa impreshonizimu, chini ya nyingine kubizimu, majina ya mitindo ya uchoraji iliyoanzia Ulaya. Hapo ndipo nilipoona niwaandikie.

Jina impreshonizimu lilitokana na picha ya mchoraji Mfaransa Claude Monet ya bandari ya Le Havre jua linapochomoza, iitwayo “Impression, soleil levant”, iliyoonyeshwa Paris mwaka 1874. Mwandishi wa gazeti, Louis Leroy, alilitumia jina la picha hiyo kuwakejeli Monet na wenzake, na kejeli ikageuka jina lao. Itafuteni picha hiyo muitazame kwa utulivu. Kuna jua jekundu na vijimashua mbele, lakini nyuma yake mna moshi, milingoti na mitambo ya bandari. Ile ilikuwa bandari ya siku zake, naye hakuisafisha ili impendeze mnunuzi. Wachoraji wale waliweza kufanya kazi nje, upesi, kabla mwanga haujageuka, kwa sababu tangu miaka ya 1840 rangi ya mafuta ilikuwa ikiuzwa katika mirija ya bati. Kamera nayo ilikuwa imeshaichukua kazi ya kunakili sura, ikabidi mchoraji ajiulize amebakiwa na nini.

Sisi tuna bandari mpya upande wa bara, ambayo gati lake la kwanza lilianza kazi mwaka 2021. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wetu zaidi ya 4,000 walipwe fidia kwa sababu ya ujenzi huo. Wengine kati yenu ni watoto wa wavuvi. Mbona sijaona turubai hata moja lenye habari hiyo?

Kuhusu kubizimu nitasema machache. Kwa karne nyingi wachoraji wa Ulaya walichora kana kwamba mtazamaji ana jicho moja, amesimama pahala pamoja, hatikisiki. Pablo Picasso, aliyeziona barakoa za Afrika katika jumba la makumbusho la Trocadéro mwaka 1907, na mwenzake Georges Braque waliikataa kanuni hiyo. Walitaka pande kadhaa za kitu zionekane kwa pamoja. Ukimkata punda pembetatu bila kujiuliza ni pande zipi unataka zionekane, umerembesha tu. Mchoraji mwingine, Henri Matisse, naye alikwenda Munich mwaka 1910 kutazama maonyesho ya sanaa ya Kiislamu, kisha akafika Moroko mwaka 1912. Nikizitazama kazi zake kwa jicho la fundi, naona ua lisilo na kivuli na pambo linalojaza uso wote, mambo yaliyo juu ya milango mnayopita kila siku mkienda kununua mkate.

Ila ninayetaka mumjue kuliko wote ni mchoraji Ibrahim El-Salahi wa Sudani. Alizaliwa Omdurman mwaka 1930, akajifunza kuandika khati, yaani mwandiko wa Kiarabu wa mapambo, katika chuo cha Kurani cha baba yake, kama mlivyosoma nyinyi chuoni. Kuanzia 1954 hadi 1957 alisoma sanaa London, katika shule ya Slade. Aliporudi Khartoum akaonyesha kazi zake, wenyeji hawakuzijali. Jambo hilo lilimuuma, lakini hakuwaona watu wake wajinga. Alizunguka nchini akitazama wanavyopamba nyumba na vyombo vyao, akarejea kwenye herufi. Kwanza aliziweka kidogo pembeni mwa picha, kisha akazizidisha, halafu akaanza kuzivunja, na ndani ya herufi zilizovunjika zikaanza kutokea sura za watu na wanyama. Mwaka 2013 jumba la Tate Modern, London kwenyewe, lilimfanyia maonyesho makubwa. Nikiisoma habari yake moyo hunienda mbio, maana alivyokuwa navyo vyote nyinyi mnavyo.

Hapa Amu alikuwapo Muhamadi Kijuma, mshairi, mwandishi wa khati na mchonga nakshi, mtu mmoja. Misahafu ya Siyu iliandikwa na kupambwa na mikono ya kisiwa jirani. Mambo haya mnayaacha kwa wageni wenye daftari.

Najua mtaniambia kwamba mtalii hununua dau safi lenye tanga jeupe, na kodi ya chumba haingoji. Sawa, mchoreeni dau lake, riziki haina aibu. Lakini kila mwezi wekeni turubai moja lisilo la kuuzwa. Chorani gati la Mokowe asubuhi abiria wanaposukumana, au mama zenu wakingoja maji. Msiipe kazi hiyo jina la mtindo wowote mpaka mmalize.

Ijumaa baada ya alasiri karakana yangu iko wazi. Njooni na bikari na karatasi, wasichana na wavulana. Nitawaonyesha namna duara moja linavyogawanywa sita kabla patasi haijagusa mbao, nanyi mje na picha moja yenye injini.

Mzee wenu, fundi wa milango, Langoni