Mahindi yenye ukungu si ya nguruwe

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wafugaji wenzangu kuhusu kauli inayonikera: “Haya hayaliki tena, wapeni nguruwe.” Nami niliwahi kuitamka. Mahindi yangu yalinyeshewa kabla ya kukauka, yakaanza kunuka uvundo, nikayasaga nikachanganya na pumba nzuri. Baada ya muda majike wangu wa miezi mitatu wakavimba uke, ukawa mwekundu kama wa nguruwe aliye kwenye joto la kutaka dume. Nikafurahi, eti wamewahi kukomaa! Mmoja alipotokwa na utumbo wa nyuma ndipo nikamwita daktari wa mifugo. Hata kabla ya kumgusa mnyama, alibandua pande la chakula lililoganda kwenye kona ya kihori, la kijani kwa ukungu, akaninusisha.

Chanzo kilikuwa zearalenoni, sumukuvu (yaani sumu itokanayo na ukungu) inayojifanya homoni ya kike. Ina wenzake: vomitoksini humfanya nguruwe asuse chakula au atapike, fumonisini humjaza maji mapafuni, aflatoksini humharibu ini. Ng'ombe ana nafuu, maana vijidudu vya tumboni mwake huvunja baadhi ya sumu hizi. Nguruwe tunayemgeuza jalala hana msaada huo.

Kuchemsha? Kuvu hufa, sumu hubaki. Kuchanganya na mahindi mazuri nako ni kuisambaza tu. Nilinunua pia ule udongo wa kunasa sumu, bentonaiti. Udongo huo huikamata aflatoksini vizuri, ila zearalenoni na vomitoksini huuponyoka kwa sehemu kubwa. Aliyeniuzia hakunigusia hilo.

Uvimbe wa wale wengine uliisha wiki chache baada ya kubadili chakula. Yule mmoja sikumwokoa. Siku hizi sihifadhi mahindi mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 13, na nayachekecha kabla ya kusaga, kwa kuwa sumu nyingi hukaa kwenye chenga na vumbi. Kihori nakikwangua mpaka pembeni.

Lakini punje inayong'aa nayo yaweza kuwa na sumu, na jicho halitaiona. Vipimo vipo. Wanaotuuzia chakula kilichosagwa tayari watuonyeshe majibu ya kila shehena. Mimi huuliza kila ninaponunua, na wapo wanaonicheka.

Mfugaji wa nguruwe