Hospitali nazo ziwekewe ubao wa bei kama sheli

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma siku nyingi na sijawahi kuwaandikia, ila ile habari ya wenye hospitali binafsi kulia kwamba serikali inawabana kwa bei za bima imenishinda. Mwandishi wenu kawasikiliza wao tu, mgonjwa hata mmoja hakuulizwa.

Wenye umri wanakumbuka, 1977 serikali ilipiga marufuku hospitali za kutafuta faida, mpaka 1991 ndo sheria ikalegezwa. Tukaaminishwa kwamba wakiwa wengi watagombania wateja na bei zitashuka. Haya, Machi 2024 NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, ikaleta kitita kipya, yaani orodha ya huduma na bei inazozilipa hospitali, hospitali binafsi kibao zikagoma kupokea kadi, tena kwa pamoja. Sasa hao ni washindani gani wanaokaa kikao kimoja wakatoka na jibu moja? Na Tume ya Ushindani ipo kwenye sheria toka 2003, mi sikuisikia hata ikikohoa.

Kipindi kile kile mama mkwe presha ikampanda, tukamkimbiza hospitali moja hapa mjini, jina naliacha. Dada wa mapokezi hata kichwa hakunyanyua, "bima hatupokei baba, ni cash". Sawa, nikamwambia basi nitajie itakuwa shilingi ngapi nijue kama naiweza. Eti mpaka daktari amuone. Kumuona daktari bei gani? Inategemea daktari yupi. Vipimo je? Inategemea ataandika nini. Yaani mgonjwa anahema pale na mimi natakiwa nikubali kulipa kitu nisichojua bei yake, nikamkimbilia jirani yao wa jengo la pili majibu ni yale yale, tukarudi pale pale tukalipa, na kwenye risiti nikakuta glavu zimehesabiwa peke yake na kitanda kimo, wakati mama wa watu muda wote alikaa kwenye kiti cha plastiki!

Halafu haya mambo ya vipimo. Ukibeba majibu yako kwenda hospitali nyingine wanakwambia hawayatambui, pima upya. Damu ni ile ile jamani, asubuhi na mchana.

Wanasema bima inachelewa kulipa, hilo naliamini kabisa, wamalizane nao huko sio migongoni mwetu.

Mafuta tu EWURA, mamlaka ya serikali ya nishati na maji, wanatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na sheli zote zina ubao barabarani. Wizara ya Afya iwalazimishe na hawa wasimike ubao getini, wenye taa za usiku: kumuona daktari, kipimo cha malaria, ultrasound, kitanda, glavu, na kiti cha plastiki kama nacho kinalipiwa. Herufi ziwe kubwa kiasi kwamba mtu aliyelazwa nyuma kwenye bajaji azisome bila bajaji kusimama, akiona haiwezi dereva anyooshe tu.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam