Maua ya mitofaa yasiishie kwenye picha

Mhariri,

Jamii zinazosherehekea bustani za kale za matunda huko Uingereza mitofaa inapochanua, Aprili na Mei, zinafanya jambo jema. Hofu yangu ni sherehe kuishia kwenye keki, ngoma na picha.

Lisogelee ua la mtofaa. Kitumba chake kina rangi ya waridi iliyokolea. Likifunguka, linakaribia weupe. Aina nyingi hazijichavushi zenyewe: pasipo nyuki na mtofaa wa aina nyingine jirani, tofaa hulioni. Na baridi kali ya usiku mmoja yaweza kuyaunguza maua ya bustani nzima.

Bustani hizi si mashamba ya leo ya miti mifupi iliyobanana kwenye safu. Miti imeachana, kondoo wanalisha chini yake. Gogo kuukuu lililooza ndani, ambalo mwenye haraka angelikata kuni, ndilo makao ya vigogota na mbawakavu adimu. Mwaka 2007 bustani hizi ziliingizwa kwenye orodha ya makazi ya viumbe yanayopewa kipaumbele nchini humo. Sawa, ila orodha haipogoi matawi.

Basi kila sherehe iwe na meza ya kubebesha miche, yaani kuunganisha kijiti cha mti mmoja kwenye shina la mwingine. Mbegu ya tofaa haitoi mti unaofanana na mama yake. Aina ya kale huokolewa kwa kikonyo, kijiti cha tawi lake, kilichokatwa wakati wa baridi na kubebeshwa kwenye shina jingine. Mtoto afunge utepe kwenye kiungo kwa mikono yake, aondoke na mche wake nyumbani. Keki ziwepo pia, sina ugomvi nazo.

Msomaji wako,
Mpenda miti