Barua kwa mwanangu aliye Maskati, kuhusu vidonge alivyoniletea

Mwanangu Salim,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mzigo uliompa jirani yetu umenifikia salama hapa kwa mama yako mdogo, Temeke: mafuta ya habbat soda, asali, ubani wa Dhofari na zile chupa za vidonge vya majani ya mstafeli. Najua havikuwa vya bei nyepesi, na najua vimetoka kwa mtoto anayekosa usingizi kwa ajili ya mama yake, nami nakuombea Mwenyezi Mungu akulipe. Lakini katika ujumbe wako umeniandikia kwamba nikishaanza vidonge hivyo nipumzike kidogo na kemo, yaani hizi dawa za dripu za saratani yangu ya titi, ili mwili upate kutoa sumu, na hilo ndilo limenifanya nikae chini nikuandikie kwa kirefu badala ya kukupigia simu, kwa kuwa kwenye simu utanikatiza.

Baada ya kuondolewa titi la kushoto pamoja na tezi za kwapani, nimepangiwa kemo na baadaye mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road. Siku zinazopita kati ya dripu moja na nyingine hazikupangwa kwa kubahatisha. Zimepimwa ili chembe za damu zipate kurudi, huku seli za saratani zilizosalia zisipate wasaa wa kuongezeka. Nikiruka dripu moja sitakuwa nimetoa sumu yoyote, kwani kazi hiyo hufanywa na ini na figo usiku na mchana bila kusaidiwa na kidonge cha mtu. Nitakuwa nimeupa ugonjwa nafasi tu.

Kuhusu mstafeli, ni kweli kwamba dondoo la majani yake limeua seli za saratani maabarani, na hapo ndipo wauzaji walipopata la kusema. Ila vitu vingi huua seli ndani ya kichupa, hata jiki. Hakuna majaribio kwa wagonjwa yaliyothibitisha kwamba majani hayo yanaponya saratani, na katika visiwa vya Guadeloupe, huko Karibi, ambako watu wamezoea kula tunda hilo na kunywa chai ya majani yake, madaktari wa mishipa ya fahamu waliona uhusiano kati ya matumizi hayo ya muda mrefu na ugonjwa unaofanana na Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa mwili. Tunda lenyewe nitakula msimu wake ukifika, kwa kiasi, kama tulivyolila siku zote.

Daktari wangu, kijana mpole kuliko wewe, alinieleza kuhusu utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale uliochapishwa mwaka 2018. Wagonjwa walioacha matibabu ya hospitali na kushika tiba mbadala peke yake walifariki kwa kiwango cha mara mbili na nusu kuliko waliotibiwa, na kwa wenye saratani ya matiti kiwango kilizidi mara tano. Katika utafiti wao mwingine wa mwaka huohuo waliwaangalia watu waliochanganya, yaani walioanza tiba ya hospitali na kuongeza vitu vya pembeni. Hao nao walikuwa na hatari maradufu ya kufariki, na sababu iliyoonekana ni kwamba wengi wao walikataa sehemu ya matibabu, huyu upasuaji, yule kemo, mwingine mionzi. Kwa hiyo ninachokiogopa katika vidonge vyako, mwanangu, ni hayo maneno uliyoyaambatanisha navyo zaidi ya majani yenyewe.

Unakumbuka mwaka 2011, ulipokuwa bado shuleni, nchi nzima ilivyoelekea Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile, kunywa kikombe cha dawa yake ya mitishamba kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, na wapo wagonjwa waliotoka wodini kwenda kukitafuta. Babu huyo ameshatangulia mbele ya haki tangu mwaka 2021, nami sina neno baya juu yake. Nasema tu kwamba kiu ile ya kupona kwa siku moja naijua, na sasa naijua kwa mwili wangu.

Usinielewe vibaya ukadhani kwamba nimekataa kila kisichotoka kwenye sindano. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na tiba yake, na hospitalini penyewe hawatibu uvimbe peke yake. Kinachonisumbua kuliko maumivu ni uchovu, na uchovu wa saratani hauondoki kwa kulala. Nilidhani dawa yake ni kitanda. Muuguzi akaniambia ni kutembea. Mwaka 2019 wataalamu wa mazoezi wa mataifa mbalimbali walitoa mwongozo kwamba nusu saa ya kutembea kwa bidii, mara tatu kwa wiki, hupunguza uchovu huu pamoja na wasiwasi na huzuni. Basi jioni, jua likishapoa, natoka na mama yako mdogo. Siku ambazo miguu haitaki tunaishia kwa muuza maandazi na kurudi, na hiyo nayo tunaihesabu. Asubuhi nasimama mbele ya ukuta na kuupandisha mkono wa kushoto kwa vidole, taratibu, ili bega lisigande. Mkono huo, kwa kuwa tezi zake zimeondolewa, haukandwi kwa nguvu, wala sikubali upimwe presha. Mwambie shangazi yako asije na mafuta yake ya kukandia akauvamia. Miguu na mgongo nitampa akande kwa wepesi, na nitashukuru sana, maana mtu akishikwa kwa upole hofu hupungua.

Kichefuchefu nakitibu kwa vidonge vya hospitali kwanza. Juu yake nakunywa chai ya tangawizi, ambayo huwasaidia baadhi ya wagonjwa kidogo, na nimeonyeshwa mahali pa kubonyeza ndani ya mkono, upana wa vidole vitatu kutoka kwenye kifundo, katikati ya kano mbili. Kwangu hunituliza. Asali yako nimeulizia, nikaruhusiwa kijiko kwenye chai. Mafuta ya habbat soda mfamasia ameniomba niyaweke hadi kemo iishe, kwa kuwa dawa nyingi huvunjwavunjwa na ini, na kitu kingine kikipita njia hiyohiyo kinaweza kuifanya dawa izidi au ipungue mwilini bila mtu kujua. Ubani nimeupokea kwa furaha, ila kwa kufukizia tu, na si wiki ya kemo, maana wiki hiyo hata harufu ya wali hunitoa jikoni.

Lile la kuacha sukari na nyama ili saratani ife njaa, ulilolisikia kwenye video, sitalifuata. Nikijinyima, nitakayekonda ni mimi. Nakula mayai, maharage, samaki na maziwa, kidogo kidogo mara nyingi, na mdomo ukiwa na vidonda nasukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi.

Umeniuliza pia kama nina maumivu na kama ni kweli wananipa mofini. Mimi bado sijaihitaji. Mama mmoja tunayekaa naye kwenye benchi huipata ile ya maji kutoka kitengo cha tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, pamoja na dawa ya kulainisha choo kwa kuwa mofini hufunga tumbo, na tangu aanze analala usiku na anacheka mchana. Watu wanadhani tiba shufaa ni chumba cha kungojea kufa. Huyo mama anaendelea na mionzi. Katika benchi lilelile tunaambizana habari za ganzi ya vidole, za waume waliokimbia na za namna ya kufunga kilemba nywele zikishanyonyoka, na sijui kidonge kinachonifanyia kazi kama hiyo.

Sasa nisikilize. Vidonge vya mstafeli usivitume tena. Fedha hizo mpe dada yako, kwa kuwa nauli na chakula cha siku za kliniki vinamwelemea naye hasemi. Mkumbushe kwamba homa ikifika nyuzi 38 nikiwa kwenye kemo, ananipeleka hospitali saa ileile, hata kama ni usiku wa manane, bila kungoja panado ifanye kazi. Na kila utakapoona dawa mpya huko, niandikie jina lake kama lilivyo kwenye chupa kabla hujainunua. Nitampelekea mfamasia, na atakalosema nitakujulisha.

Mama yako